Jina Chini ya Ukurasa wa Saba

Walukuba, Jinja
2 Machi 1974

Dada Kulusumu,

Toleo la tisa la Kirago limetoka, na mkono wangu wa kulia umevimba kwa kuzungusha mashine ya kupigia chapa. Kurasa zote anakuletea Barasa kwa lori lake, ndani ya katoni ya sabuni. Juu nimepanga miche mitano ya sabuni ya kweli, ili askari wa kizuizi cha barabarani akichungulia aone sabuni. Miche ni yako. Usiniandikie ukurasa mzima wa shukrani.

Seti ni sitini. Mwombe mjomba wako, Mzee Sulait, azishone kama kawaida yake. Pini za karatasi hazionekani Jinja nzima, na hata zingeonekana mimi nimeshauzoea uzi wake mwekundu. Nani mwingine ana jarida la hadithi na mashairi linaloshonwa kwa cherehani barazani?

Sasa mashtaka. Kirunda, aliyetutolea wino wa toleo hili, amenuna. Jina lake limeangukia chini ya shairi la mazishi, naye anasema nimemtabiria. Nimemkumbusha kwamba desturi yetu ni ileile tangu toleo la kwanza: msomaji akitupa kitu, wino, karatasi au nguvu za mikono yake, tunampa ukurasa aulee, na jina lake linakaa chini ya ukurasa huo. Hachagui ukurasa. Mwandishi naye ana jina lake la kubuni kule mbele kwenye orodha, limtoshe. Hatuna matangazo, hatuna tajiri, tuna wasomaji tu. Kirunda akanijibu, "Sawa, lakini toleo ingine wewe nipe ile ya mapenzi." Nitampa.

Mjomba wako nimemwekea ukurasa wa saba, kama ulivyoniomba. Ameula! Ile hadithi ya sajenti aliyegawiwa studio ya picha ya Mhindi, akawa anawapiga watu picha mwaka mzima bila filamu ndani ya kamera, na kila anayeulizia picha yake anaambiwa bado inaoshwa, nilicheka hadi Orpah akaacha kupiga chapa stensili akaniuliza kama nimerogwa. Yeye hakucheka. Alisema, "Huyu mtu yupo kweli, na ana bunduki." Unamjua mke wangu, hata arusi yetu aliihudhuria kama mtu aliyekuja kukagua. Lakini niambie, huyu Mwana wa Namatala aliyeiandika ni nani? Kila mara unaniletea kazi yake umeinakili kwa mkono wako, na yeye simjui. Mwambie namsalimu, na aandike tena.

Mashine ya Yashwant haijagoma tangu mwenyewe atuachie na kwenda Uingereza Wahindi walipofukuzwa, Oktoba ile ya mwaka juzi. Bado naifunika kwa leso ya Orpah kila mtu akibisha hodi. Msomaji wetu wa kwanza alikuwa yeye, na ningempa kurasa zote kama angekuwepo.

Ndugu yako,
Joash Makokha


Mbale
9 Machi 1974

Bwana Mhariri, kaka yangu Joash,

Salaam. Sabuni nimeipokea, na kama ulivyoamuru sishukuru hata neno moja.

Mjomba amemaliza kushona kwa siku mbili. Anakaa palepale kwenye baraza la duka letu la jumla, nami nikipata nafasi kati ya mteja na mteja natoka kumsomea. Hajui kusoma, Kirago chote humwingia kwa masikio. Nilipofika ukurasa wa saba alicheka hadi akavua kofia akajipepea. Kisha akauliza, "Na mimi niko wapi?" Nikamwonyesha pale chini. Akaweka kidole, akakipitisha polepole herufi kwa herufi, akasema, "Kulu, miaka sitini na tatu, na leo ndiyo mara ya kwanza najiona nimeandikwa." Kaka, nilikwenda nyuma ya magunia nikalia kidogo.

Tangu siku hiyo barazani hakukaliki. Nakala moja ameitundika kwenye msumari juu ya cherehani, imefunuliwa ukurasa wa saba, na kila anayeleta suruali ipunguzwe lazima aonyeshwe kwanza. "Umeiona hii? Hii yangu." Nilimsihi aiteremshe, kwa kuwa studio yenyewe iko ng'ambo ya barabara na mwenye studio hupita hapa kila siku na miwani yake myeusi. Akanuna mpaka adhuhuri. Mwishowe nikamwacha. Zama hizi mzee akipata furaha yake ndogo, nani ana moyo wa kumnyang'anya?

Nakala zinatembea. Walimu wamepanda nazo mlimani, na dereva mmoja wa basi la Kenya amechukua tano. Wanasomeana kwa zamu, hata moja hairudi bila madoa ya chai, na kila anayerudisha anauliza tunahitaji nini kwa toleo la kumi. Mmoja ameahidi bunda la karatasi. Sikumwuliza atalitoa wapi.

Salamu zako kwa Mwana wa Namatala zimefika. Ni mtu mwoga, kaka, na ukimsifu anaona haya. Mwache alivyo.

Wako,
Kulusumu


Mbale
21 Machi 1974

Kaka Joash,

Ukiisha kusoma, choma. Posta tusiitumie tena, mkono wa Barasa tu.

Wamemchukua Mjomba.

Ilikuwa juzi Jumanne, saa nne asubuhi. Walikuja watatu, na Afande wa studio mbele yao, Kirago mkononi. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa upole kama mteja, "Sulait nani hapa?" Mjomba akasimama mwenyewe, akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi, afande."

"Hii yako?"

"Ndiyo, afande. Yangu."

Joash, alikuwa anatabasamu. Alidhani sifa za jarida zimefika hadi jeshini na wamekuja kulitazama. Akawa tayari anawasogezea kiti. Afande akaushika uzi mwekundu uliokuwa bado kwenye sindano ya cherehani, akaulinganisha na ule wa jarida, akaguna. "Wewe naandika mimi napiga picha bila filamu. Sasa mimi naonyesha wewe filamu." Wakamkamata kwapani, mmoja huku, mmoja kule, na miguu yake haikugusa chini mpaka kwenye gari.

Nilitoka nikipiga mayowe kwamba huyu mzee hajui kusoma wala kuandika, hata dole gumba lake hutia wino akilipa kodi. Askari mmoja akanijibu, "Mama, kila mtu sisi nashika nasema hajui soma." Wakaondoka.

Nimeutazama ukurasa ule tena na tena. Una hadithi, na chini yake una jina moja tu. Desturi ya kulea ukurasa tunaijua sisi wasomaji. Afande angeijuaje? Ameona hadithi, ameona jina, amemtafuta mwenye jina. Na ni mimi niliyekuomba jina la Mjomba likae pale. Nilitaka afurahi.

Mjomba yuko kambini kwa wanajeshi. Leo nimesimama getini tangu asubuhi na hakuna aliyeniuliza nina shida gani. Nifanye nini, kaka?

Kulusumu


Walukuba, Jinja
23 Machi 1974

Dada yangu Kulusumu,

Nimesoma, nimechoma.

Nitakuambia linalonichoma kuliko yote. Si Afande. Afande ni afande, nge halaumiwi kwa kuuma. Ni huyu Mwana wa Namatala wako. Yuko hapo hapo Mbale, ana macho, ana masikio, amesikia mji mzima ukisema mzee wa watu amebebwa kwa maneno ambayo ni yeye aliyeyaandika, na bado ametulia tuli! Mtu wa kucheka na bunduki kwenye karatasi halafu bunduki ikija anamwachia fundi cherehani. Mwambie mhariri wake amesema ni mwoga, na kwamba hata akiandika maneno ya dhahabu sitayapiga chapa. Niambie jina lake, nimfuate mimi mwenyewe nimshike shati.

Nisamehe, nimekasirika. Sasa sikiliza. Lazima Afande apewe mwandishi, la sivyo hamwachi Mzee. Basi tumpe mwandishi ambaye mkono wake haumfikii. Tumpe Yashwant. Yuko Uingereza, anapata baridi tu. Nenda na wamama wawili watu wazima wa msikitini, wenye heshima zao, uongee kwa adabu. Sema jarida hili lilikuwa la Mhindi mmoja wa Jinja, yeye ndiye aliyeandika, yeye ndiye aliyepiga chapa, akaondoka na wenzake, na karatasi alizoacha zikaokotwa. Mjomba aliletewa kushona tu, kama anavyoletewa suruali. Akitaka kulaani, amlaani Yashwant, na huko aliko hatasikia. Ningekuwa nimemwuliza angekubali kabla sijamaliza kusema.

Mimi ningekuja, lakini sisi Wakenya wiki hizi hatutazamwi vizuri kwenye vizuizi, na Orpah ameniapisha nisiende. Nenda upesi. Barasa anangoja jibu.

Joash


Mbale
29 Machi 1974

Kaka Joash,

Nilikwenda jana na Mama Yakub na dada yake. Afande alitupokea studioni, tukakaa kwenye lile benchi la kupigia picha, nyuma yetu pazia lenye maporomoko ya maji. Nikasema yote kama ulivyonifundisha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa Kirago mfukoni. Amekisoma, Joash. Amepiga mistari kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika. Tangu toleo la kwanza hatujapata msomaji makini namna ile.

"Huyu Muhindi naondoka mwezi gani?"

"Oktoba, afande."

"Na mimi napewa studio mwezi gani?"

Nikaitazama ile kalamu nyekundu.

"Mimi nasema wewe. Januari. Sasa Muhindi iko Ulaya, anaona namna gani mimi napiga picha hapa? Anaota?"

Mama Yakub alinifinya mkono hadi ukafa ganzi. Afande akaamuru, na Mjomba akaletwa kwa gari kutoka kambini hadi mlangoni tumwone. Sitakuandikia uso wake. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha shati na vidole vinakataa. Hivyo ndivyo vidole vilivyotushonea. Aliponiona alisema tu, "Kulu, waambie ni ukurasa nilioulea," na wao wakacheka, na wakamrudisha.

Halafu Afande akauliza mashine ya huyu Mhindi iko wapi. Nilijibu sijui. Akasema, "Mzee mimi naacha siku mtu mwenyewe anakuja. Nangoja mpaka Jumatano. Baada ya hapo natuma watu Jinja, natafuta nyumba kwa nyumba." Kwa hiyo uongo wetu haukumsaidia Mjomba, umewaonyesha njia ya kwako.

Ile tarehe ni mimi niliyepaswa kuiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwona yule bwana akifungua studio, Januari, akiwa haelewi hata pa kutia kidole. Nilipigwa picha mimi, na mpaka leo inaoshwa. Ndipo nilipoandika.

Mwana wa Namatala ni mimi, Joash. Sikuwahi kunakili kazi ya mtu. Nilikuficha tangu hadithi ya kwanza kwa kuona haya: wewe ni mtu wa vitabu, mimi ni muuza chumvi. Ulipoanza kumsifu huyo mtu nilipenda kusikia mtu akisifiwa bila kujua ni mimi. Ndilo kosa langu lote, na limemvunja vidole mtu aliyenilea tangu mama yangu afe.

Uliloniandikia kuhusu mwoga nimelisoma mara nyingi. Ni kweli. Siku tisa nimekwenda getini na siku zote tisa nimerudi bila kusema. Nilijiambia wataniua na yeye hawatamwacha. Pengine ni hivyo. Lakini siwezi tena.

Jumatatu nitakwenda kusema ni mimi. Nimekupa Jumamosi na Jumapili uiondoe mashine nyumbani kwako. Niombee, na unisamehe.

Kulusumu


Walukuba, Jinja
30 Machi 1974

Dada Kulusumu,

Jumatatu usiende. Nakuamuru kama mhariri wako, na kama hiyo haitoshi nakuomba kama ndugu.

Nimepata njia. Kuna mtu mkubwa hapa Jinja, nimemwona leo asubuhi, anafahamiana na wakuu wa Afande kule kambini. Usiniulize jina. Atalizungumza mwenyewe kabla ya Jumatano, na Mzee atatoka. Sharti lake ni moja, kwamba mtu mwingine asijitokeze kuvuruga mambo. Ukienda Jumatatu utaharibu kila kitu. Kaa dukani, uza chumvi, ngoja. Mashine isikuhangaishe.

Neno lile la mwoga nalifuta. Ningekuwa karibu ningelimeza mbele yako. Nimekuwa nikitafuta mwandishi miaka miwili, kumbe ananiandikia kila wiki ananiulizia hali ya mkono wangu!

Na kwa kuwa sasa najua ni wewe, nakuambia ambalo kwa mgeni nililionea haya. Aya ile ya mwisho, unapoeleza kwamba sajenti huyu ni mfano wa nchi nzima, ni mbaya. Ikate. Hadithi inakwisha pale mama mzee anaposema, "Basi nipe hata hiyo ambayo haijaoshwa." Baada ya hapo nyamaza. Msomaji ameshafika, usimvute mkono.

Andika nyingine. Mjomba akirudi atataka kusomewa.

Joash


Mbale
4 Aprili 1974

Kaka Joash,

Alhamdulillahi! Mjomba amerudi!

Jana adhuhuri nilisikia cherehani imeguswa, natoka nje namwona amekaa kwenye kiti chake, hana viatu, hana kofia, ameweka mkono juu ya gurudumu. Nilianguka miguuni pake palepale mbele ya wateja. Mtu wako mkubwa ana nguvu kweli. Niambie ni nani, hata kama ni kwa fumbo, nimpelekee shukrani zangu. Mama Yakub anataka kumchinjia mbuzi.

Mjomba haongei sana. Vidole nimevifunga. Jana alikunywa uji na kulala. Leo asubuhi, nikimpa chai, ameanza kunieleza mwenyewe bila kuulizwa, nami nakuandikia kama alivyosema.

Anasema Jumanne alasiri walikuwa naye mbele ya meza ya Afande. Akaingia mtu. Hakuletwa, alikuja mwenyewe, shati safi, akasalimu. Mkenya, anasema Mjomba, Kiswahili chake kilikuwa kama cha redioni. Akasema ile hadithi ni yake, na mashine ilikuwa yake, ameshaivunja. Afande akamwambia, "Kama yako, sema bila karatasi." Naye akaisema, neno kwa neno, kuanzia kwenye kibao cha studio mpaka kwa mama mzee. Mjomba anasema askari mmoja alisahau akacheka, akapigwa kofi.

Afande alikuwa anafuatisha kwa kalamu. Akasema, "Mwisho hakuna. Hapa kuna maneno ingine." Yule mtu akajibu, "Ile aya ni mbaya, afande. Niliikata."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha Mjomba. Nilikiweka chini.

Mjomba anasema alipokuwa anapitishwa mlangoni, mikono imeshafungwa, yule mtu aligeuka akamwambia, "Mzee, ahsante kwa uzi." Mjomba ananiuliza mimi, Kulu, ni nani yule, amenijuaje?

Joash, hakuna mtu mkubwa. Sivyo? Hukumwona mtu yeyote Jumamosi. Nijibu. Barasa anaondoka sasa hivi. Andika hata neno moja tu, andika upo, mtukane Afande, nitukane mimi. Nijibu tafadhali.

Kulusumu


Walukuba, Jinja
7 Aprili 1974

Kulusumu,

Barua yako nimeifungua mimi kwa sababu mwenyewe hayupo. Sasa unajua ulichotaka kujua.

Joash aliondoka Jumanne alfajiri. Adero, mwanetu mkubwa, alimshikia mkoba mpaka kituo cha basi. Watoto aliwaambia anakwenda kuwaona wasomaji. Mimi aliniambia ukweli, lakini aliniambia akiwa ameshavaa viatu, kwa hiyo si kuniambia kule, ni kuniaga. Alisema, mimi ni Mkenya, watanichapa siku mbili tatu, halafu watanitupa ng'ambo ya mpaka wa Malaba na kunipiga marufuku, nawe utanifuata na watoto, tuanze upya kwetu Bungoma. Aliliamini hilo kama anavyoamini kila kitu kilichoandikwa vizuri. Barasa ameulizia Malaba kwa madereva wote anaowajua. Hajavuka.

Nina hasira naye, na sina pa kuipeleka. Hasira niliyo nayo na wewe angalau ina anwani.

Nilijua ni wewe. Ninakaa mbele ya taipureta ya kiwanda cha nguo mwaka wa kumi sasa, nimepiga chapa barua za mameneja watano, na mtu anayenakili kazi ya mwenzake hakati neno akaweka lingine bora juu yake. Wewe ulikuwa unakata. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unaandika vizuri na mume wangu alikuwa anacheka, na siku hizi nani anacheka? Kwa hiyo hata mimi nimo. Nilipiga chapa ukurasa ule kwa vidole hivi, pamoja na jina la mjomba wako pale chini. Nilisema mtu huyu ana bunduki, kisha nikaendelea kupiga.

Mashine haikuvunjwa. Joash hakuwa na moyo, aliniachia mimi. Tuliichukua mimi na Kirunda Jumatano kwenye baiskeli, imefungwa kwenye leso yangu, kama mtu anayepeleka mahindi kusagwa, tukaitupa mtoni. Kirunda alilia. Mimi sikulia. Toleo la kumi halipo.

Najua unachofikiri. Unafikiri uende sasa ukaseme ni wewe. Usithubutu. Ukienda watakuwa na watu wawili, na huyu mmoja watakuwa wamemshika kwa uongo pia. Atakuwa ameingia mle bure. Umeshamfanya mume wangu aseme uongo mmoja mkubwa maishani mwake, na huo uongo sasa ndiyo nguo pekee aliyonayo. Hutamvua.

Badala yake utafanya hili.

Wanawake wa hapa ambao waume zao walichukuliwa wamenifundisha. Barua getini hawapokei, jina ukilitaja wanasema hawamjui. Lakini chakula wanapokea. Unampa mlinzi sufuria asubuhi, jioni unaifuata. Ikirudi tupu unasema mtu wangu amekula. Ila kuna mama mmoja alipeleka chakula miezi miwili, sufuria inarudi tupu kila siku, na kumbe alikuwa anawalisha walinzi. Mume alishazikwa tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo sufuria tupu hainidanganyi mimi.

Joash hali kichwa cha samaki. Mama yake alimfundisha vibaya, anasema kinamtazama. Tangu tuoane kichwa nakila mimi. Sijaona mwanamume mwingine anayeacha kichwa, na askari mwenye njaa ndiyo kabisa. Ninakuja na samaki wa kukaushwa wa hapa ziwani, wazima, na vichwa vyao. Kila siku nitapika mmoja. Kichwa kikirudi, Joash yuko hai.

Nitakaa kwako mimi na watoto. Mwambie mjomba wako ni nani anayekuja, na mwambie ukweli wote, ana haki hiyo. Kupika nitapika mimi. Sufuria utaibeba wewe, asubuhi kupeleka, jioni kufuata, na usimtume mtu mwingine hata ukiumwa. Jioni utakayokiona kichwa, hata kukimbia kimbia, uniletee. Jioni usipokiona, nataka uwe wewe uliyefunua kifuniko, getini, peke yako, na utembee na habari hiyo barabara yote mpaka mlangoni ninapokaa.

Tunafika Jumatano kwa basi la asubuhi. Watoto ni wawili, watafutie mahali pa kulala.

Orpah Akoth